Mzani wa Pamba na Namba ya Siri



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie faida za elimu kwa mtu binafsi, kwa jamii na kwa uchumi. Mada hiyo nimeisikia ikihutubiwa mara nyingi, na mara nyingi mzungumzaji hutaja ufunguo wa maisha, watu wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai. Mimi naomba nipitie uani. Nitaanza na mzani wa pamba, na kwa kuwa tuko Mwanza sina haja ya kueleza pamba ni nini.

Miaka ya 1940 mkulima wa Usukuma alivuna, akachambua pamba safi na fifi, yaani ile hafifu, akafunga mzigo, akaupeleka kichwani au kwa baiskeli hadi kwa mnunuzi. Mzani ulikuwa wa mnunuzi. Aliyeusoma ni karani wa mnunuzi, aliyepiga hesabu ni huyo huyo, na aliyeandika stakabadhi ni yeye tena. Mkulima alisimama upande wa pili wa meza akitazama mshale ukitikisika, asijue umetua kwenye namba gani. Akishahesabiwa fedha alitia dole gumba, akaondoka. Na akihisi amepunjwa, kwani mtu aliyebeba mzigo mwendo wa asubuhi nzima anaujua uzito wake, angethibitisha vipi? Shingo haitoi stakabadhi.

Ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwenye kero hiyo ya mzani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu waliopita shule kidogo, wapime mzigo kabla haujafika mezani kwa mnunuzi. Mmoja wa vijana waliokuwa mstari wa mbele ni Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika hapa mjini. Vikundi vikawa vyama, vyama vikaungana, na mwaka 1955 likasajiliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo hadi tunapata uhuru lilikuwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya ushirika vya wakulima barani Afrika. Bomani mwenyewe alikuwa Waziri wa Fedha kufikia mwaka 1962.

Naomba tusimame hapo kwanza, maana hapo ndipo faida ya elimu inapoonekana kwa macho. Kilo zilikuwa zile zile, jembe lile lile, mvua ile ile. Kilichobadilika ni kwamba upande wa mkulima sasa alikuwepo mtu anayejua tarakimu. Hakuhitaji cheti cha Cambridge. Alihitaji kusoma namba kwenye mshale na kuzidisha kwa bei ya siku. Fedha iliyokuwa ikipotea njiani ikaanza kufika nyumbani. Mwaka 1998 wachumi wawili, Kaushik Basu na James Foster, waliandika makala wakisema kuwa asiyejua kusoma anayeishi na mtu anayejua hapaswi kuhesabiwa sawa na yule ambaye nyumba nzima haina msomaji. Kisomo cha mmoja kinamwagikia wengine. Wazee wa Usukuma walikuwa wamelijua hilo tangu gulioni.

Lakini jambo hili lina upande wake wa pili, na wasifiaji wa elimu huuruka. Mtu anayekusomea anaweza pia kukusomea vibaya. Ushirika ulipokua, mzani ulihama kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa karani wa chama, na karani wa chama alikuwa mtoto wa kijiji, tena msomi. Manung'uniko yakarudi: uzito unapunguzwa, makato hayaeleweki, malipo ya pili hayaji. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na kufikia 1968 shirikisho la Victoria lilikuwa limevunjwa na mahali pake kuwekwa chama cha ushirika cha Nyanza. Wanachama walikuwa na haki ya kukagua vitabu vyao, ila vitabu vimeandikwa, nao hawajui kusoma. Haki ya namna hiyo inabaki kwenye katiba ya chama.

Kwa hiyo swali la pili, baada ya lile la mzani, likawa hili: je, inatosha kijiji kuwa na wasomi watano waaminifu? Jibu lililotolewa na nchi hii, kwa kiburi fulani ambacho mimi nakipenda, lilikuwa hapana. Wasome wote.

Mwalimu Nyerere alikuwa amelitamka hilo mwaka 1964, alipokuwa akielezea mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano: tuanze na watu wazima, kwa sababu elimu ya watoto haitagusa uchumi kabla ya miaka mitano, kumi, hata ishirini. Ilikuwa kauli ngeni. Nchi nyingi changa zilikimbilia shule za sekondari ili zipate makarani na mameneja, na sisi tulizihitaji pia, maana kwa hesabu aliyopenda kuirudia yeye mwenyewe tulipokea uhuru tukiwa na madaktari 12 na wahandisi wawili. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka uliofuata mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ukaanza hapa hapa, ukienea katika mikoa ya Ziwa. Vitabu vyake havikuanza na paka wala mpira. Vilikuwa vya pamba, vya migomba, vya uvuvi, vya ng'ombe, vya maarifa ya nyumbani. Mtu alijifunza silabi kwa maneno aliyokuwa nayo mkononi tangu asubuhi.

Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita, zikiwemo Ukerewe yetu na Mafia, zikapewa lengo la kufuta ujinga kabla ya mwisho wa 1971, na baadaye nchi nzima ikapewa hadi 1975. Wenye umri wangu mnayakumbuka madarasa ya ngumbaru. Jioni, watu wametoka shamba, chini ya mwembe au ndani ya darasa ambalo asubuhi lilikuwa la watoto. Akina mama wengi kuliko akina baba, wengine na mtoto mgongoni. Madawati mafupi, magoti yakigonga ubao. Mwalimu ni wa shule ya msingi, au kijana aliyemaliza darasa la saba anayejitolea kwa posho ndogo, na mbele yake amekaa baba mkwe wa kaka yake. Utamwambiaje mzee wa namna hiyo kwamba amekosea? Vijana walibuni adabu yake: "Mzee, tuisome tena pamoja." Nadhani sentensi hiyo imefundisha watu wengi kuliko miongozo yote iliyochapwa Dar es Salaam.

Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika wamebaki asilimia 39. Mwaka 1977 wakawa asilimia 27, na mwaka 1986 wakakaribia asilimia 10. Wapo waliozitilia shaka takwimu hizo, na wana hoja: kufaulu hatua ya tatu kati ya nne za mtihani hakumaanishi kwamba mtu atasoma gazeti bila kuchoka. Nakubali. Punguzeni mtakavyo, bado haibadiliki kwamba watu wazima kwa mamilioni walishika kalamu kwa mara ya kwanza katika muda wa kizazi kimoja.

Matunda yake yalionekana wapi kwanza? Hayakuonekana mfukoni. Yalionekana chooni, na siombi radhi kwa kulitaja neno hilo mbele ya wageni. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikaa kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi, kisha mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili, na kabla ya kuachana wakaamua nani atafanya nini kabla ya wiki ijayo: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Kampeni ilichukua wiki 12 na ilifikia watu wapatao milioni mbili. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Angalieni namna kazi ilivyogawanyika: redio inasema, anayesoma anathibitisha, kikundi kinaamua. Amri ya bwana afya ya zamani, choo au faini, ilikuwa imeshindwa kwa miaka mingi kufanya jambo hilo hilo.

Na kwa mama faida ni kubwa zaidi. Chukueni bahasha ndogo ya dawa kutoka zahanati. Juu yake mganga ameandika 1 x 3. Kwa aliyesoma, hicho ni kidonge kimoja kutwa mara tatu. Kwa asiyesoma ni michoro, na maelezo ya mdomo aliyopewa dirishani, nyuma yake foleni ikisukuma, yamekwisha kuchanganyika kabla hajafika nyumbani. Chukueni kadi ya kliniki, yenye njia ya kijani, ya kijivu na nyekundu. Mama anayeweza kufuata nukta za uzito mwezi kwa mwezi anaona mtoto anateleza kuelekea kijivu kabla mashavu hayajasinyaa. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliochambua takwimu za nchi 175 toka 1970 hadi 2009. Watafiti walikadiria kwamba kati ya vifo milioni 8.2 vya watoto wa chini ya miaka mitano vilivyoepukwa, zaidi ya nusu, yaani milioni 4.2, vinaweza kuhusishwa na kuongezeka kwa elimu ya wanawake. Dawa, chanjo, barabara na mapato vyote vikagawana kilichobaki.

Siamini kwamba mama huyo alifundishwa udaktari darasani. Alichopata ni ujasiri wa kuuliza. Mwanamke aliyewahi kusimama mbele ya darasa akasoma sentensi yake, watu wakamsikiliza, humwambia nesi, "Dada, tarehe uliyoniandikia ni Jumapili." Na humwambia mama mkwe kwamba mtoto hatakatwa kilimi. Hilo la pili linahitaji ujasiri zaidi ya la kwanza, mnajua wenyewe.

Sasa nije kwenye uchumi, mahali ambapo nchi yetu inawasumbua sana wahubiri wa elimu. Kama kusoma kungekuwa utajiri moja kwa moja, Tanzania ya 1986 ingekuwa na neema. Asilimia tisini ya watu wazima, kwa hesabu rasmi, wanajua kusoma, na mwaka huo huo tunatia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa sababu hazina ni tupu. Watu waliojua kusoma walipanga foleni ya sabuni. Mkulima aliyejua kusoma mzani alisubiri malipo ya pamba yake mpaka msimu mwingine ukaingia. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, vita vya Kagera vimemaliza akiba, na vyama vya ushirika, vile vilivyozaliwa na mzani, Serikali yenyewe ilikuwa imevifuta mwaka 1976. Yote hayo hayakuwa na dawa katika kitabu cha kisomo.

Linganisheni na Indonesia. Mafuta yale yale yaliyopanda bei 1973 yakatumaliza sisi wanunuzi, wao walikuwa wauzaji. Kwa fedha hizo Serikali yao ilijenga, kati ya 1973 na mwisho wa muongo huo, zaidi ya shule za msingi 61,000. Miaka mingi baadaye mchumi Esther Duflo, ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, aliwafuatilia watoto wa wilaya zilizopata shule nyingi na wa zile zilizopata chache. Aliona kwamba kila mwaka wa ziada darasani uliongeza mshahara kwa kati ya asilimia 6.8 na 10.6. Hesabu hiyo naiamini, kwa sababu haikulinganisha watoto wa matajiri na wa maskini. Ililinganisha watoto ambao tofauti yao kubwa ni mahali na mwaka wa kuzaliwa. Lakini msisahau jambo moja: watoto wale walipomaliza shule, kulikuwa na viwanda vikiajiri. Shule na soko vilikutana. Sisi tulitangulia kwa shule, soko likachelewa, na baadhi ya shule zenyewe zikachoka njiani zikisubiri.

Kwa hiyo mzazi anaponiambia, "Mwalimu, mwanangu ana shahada na anaendesha bodaboda, elimu imemsaidia nini?", simjibu kwa ufunguo wa maisha. Namjibu kwamba malalamiko yake ni ya haki, ila ayapeleke panapohusika. Shule imefanya sehemu yake. Aliyeahidi ajira si mwalimu wa hisabati. Kosa letu, na hapa nawasema walimu na wanasiasa kwa pamoja, ni kuwauzia watu elimu kama tiketi ya basi la mshahara. Basi lisipokuja, watu wanaichana tiketi, na wadogo zao hawapelekwi shule.

Mtu ambaye hakununua tiketi hiyo ni Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya. Serikali ya Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003. Mwaka uliofuata mzee huyu, akiwa na miaka 84 kwa hesabu yake, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akavaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wengine. Hakuna mwajiri aliyekuwa akimngoja. Sababu alizozitoa zilikuwa mbili: alitaka kusoma Biblia mwenyewe, kwani alimshuku mhubiri kwamba haifuati, na alitaka kujua kuhesabu fedha, ikitokea siku akalipwa fidia kwa mateso ya wakati wa Mau Mau. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuutetea mbele ya Umoja wa Mataifa wito wa elimu ya msingi bila malipo. Ghasia za baada ya uchaguzi zilimfukuza nyumbani akaishi kambi ya wakimbizi wa ndani, na bado aliendelea kwenda shule. Alifariki 2009.

Mnaona sababu zake? Mhubiri na mlipaji. Ni mzani wa pamba tena: mtu amechoka kusimama upande wa pili wa meza.

Meza hiyo siku hizi ni kibanda cha wakala. Nendeni kesho stendi, mkae nusu saa bila haraka. Atakuja bibi, amefunga simu kwenye pindo la kanga. Atamkabidhi kijana simu, kisha atainama, na kwa sauti anayodhani ni ya chini atamtajia namba ya siri. Kijana atabonyeza, atatoa noti, atasema, "Tayari bibi, makato yamechukua kidogo." Ujumbe wa muamala umeingia na unaonyesha makato hadi shilingi ya mwisho. Upo mkononi mwa bibi, kwa Kiswahili chepesi. Vijana wengi wa vibanda ni waaminifu, nawaheshimu. Lakini bibi huyo hana njia ya kujua yupi ni yupi, kama vile mkulima wa 1948 hakuwa na njia.

Na kuna mikopo inayoitwa kausha damu. Jina limetungwa na wakopaji wenyewe. Akina mama wa genge na mitumba wanasaini fomu asubuhi, wanapata fedha mchana, na wiki ya tatu vitanda vinatolewa nje. Nimewahi kusomewa fomu moja na aliyekuwa ameisaini. Alisoma vizuri, herufi kwa herufi, mpaka akafika penye riba "kwa wiki" akaisoma kama vile ni kwa mwezi, maana hivyo ndivyo alivyoambiwa kwa mdomo. Huyo amemaliza darasa la saba. Anaitamka fomu, haimpi habari. Nadhani huo ndio ujinga wetu wa leo, na hauonekani kwenye takwimu yoyote.

Ujinga huo umetoka wapi? Kisomo kilikuwa na vitu vya kukilisha. Kulikuwa na maktaba za vijiji. Kulikuwa na gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililoanza 1974 kwa ajili ya wasomaji wapya wa kanda hii, lenye herufi kubwa na habari za bei na mbolea. Fedha zilipokauka, vitu hivyo ndivyo vilivyokufa kwanza, kwa sababu hakuna aliyeandamana kuvidai. Vitabu vya maktaba vikafungiwa karanga. Mtu aliyefaulu hatua ya tatu mwaka 1975 akakaa miaka kumi bila karatasi ya kusoma isipokuwa stakabadhi ya kodi, na herufi zikamtoka moja moja. Tangu hapo tumefanya mengi mema kwa watoto: ada ya shule za msingi ilifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya sekondari hadi kidato cha nne ikafuata kuanzia 2016, na Novemba 2021 wasichana waliojifungua wakaruhusiwa kurudi katika shule rasmi. Hili la mwisho nalihesabu kuwa kubwa kuliko madarasa yote tuliyoyajenga, na lilichelewa mno.

Ila kwa watu wazima tumenyamaza. Mtihani wa taifa wa kisomo wa 1986 umebaki kuwa kumbukumbu. Sensa inapokuja, karani anauliza kama mtu anajua kusoma na kuandika, anajibiwa "ndiyo", anaandika ndiyo. Hampi karatasi asome. Ningependa, sensa ijayo, katika kila kata nyumba chache zipewe fomu ya mkopo ya kweli, ya ukurasa mmoja, na swali moja tu: utalipa jumla ya shilingi ngapi? Halmashauri haihitaji mfadhili kwa jambo hilo. Inahitaji mashine ya kurudufu na mwalimu mstaafu mmoja kwa kila mtaa, nao humu ndani nawaona kama kumi na tano hivi.

Mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili. Fomu yenyewe ninayo, nimeirudufu nakala za kutosha, zipo kwenye meza pale mlangoni. Mwenye swali aanze.